Pitigliano, Jerusalem Ndogo ya Toscana: mwongozo wa kufika, kuingia geto na kutembea njia za Waetruski

Tangu nihamie Roma nimegeuka dalali wa Pitigliano asiyelipwa. Mgeni akija kutoka Dar es Salaam, Mombasa au Muscat, akishaona picha ya ule mji uliopanda juu ya jabali, maswali huwa ni yale yale. Unafikaje bila gari? Sinagogi liko wazi siku gani? Hayo magofu yako wapi, mbona mjini hayaonekani? Nitakula nini huko? Nimejibu kwa simu mpaka sauti imekauka, kwa hiyo nayaweka hapa kwa mpangilio, tangu kuchagua siku mpaka kupanda basi la kurudi.

Historia kidogo, ya kukuwezesha kusoma kuta. Pitigliano ni mji wa watu wasiofika 4,000, kusini mwa jimbo la Toscana, Italia, katika mkoa wa Grosseto. Uko mita 313 juu ya usawa wa bahari, juu ya tufo. Shika neno hilo. Tufo ni mwamba laini uliotokana na majivu ya volkano, unaokubali kuchongwa kwa sururu. Waetruski, waliokuwa wenyewe wa nchi hii kabla ya Roma kuwameza, walichonga humo makaburi na barabara. Karne nyingi baadaye, amri za Mapapa za 1555 na 1569 zilipowabana na kuwafukuza Wayahudi katika miji ya Kanisa, baadhi walivuka mpaka wakapokelewa na makabaila wa ukoo wa Orsini waliotawala hapa. Nao wakachimba mwamba ule ule: tanuri, ghala la divai, bwawa la kujitoharisha. Sinagogi lilijengwa 1598. Mji ukaja kuangukia mikononi mwa ukoo wa Medici, watawala wa Toscana, na mwaka 1622 Wayahudi wakaamriwa wote wahamie kwenye geto, yaani mtaa waliotengewa wao. Hata hivyo hawakufifia. Katikati ya karne ya 19 walikuwa kama mtu mmoja katika kila kumi, ndipo mji ukajulikana kama Jerusalem Ndogo. Leo waliobaki ni wa kuhesabu kwa vidole.

Mtu aliyezoea Gede au Kilwa Kisiwani huja na macho ya kutafuta kuta zilizojengwa. Hapa geuza macho. Vingi vya thamani havikujengwa, vilichimbwa, na utavipita juu usipojua pa kushukia.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaondoka

- Viatu vyenye soli inayoshika. Kandambili na viatu vya ngozi vyenye soli nyororo viache hotelini.
- Tochi. Ya simu inatosha, lakini betri iwe imejaa.
- Kofia, kwa wanaume. Ndani ya sinagogi na makaburini mwanaume hufunika kichwa. Si lazima iwe kile kikofia kidogo cha Kiyahudi. Kofia yako ya mkono ya Lamu au Unguja inafaa kabisa.
- Nguo za kufunika mabega na magoti, kwa sinagogi na makanisa pia.
- Chupa ya maji. Penye bomba la umma soma kibao: *acqua potabile* ni maji ya kunywa, *non potabile* usiyanywe.
- Pesa taslimu kiasi, euro, kwa ajili ya tiketi ya basi na vitafunio.
- Pasipoti au kitambulisho chenyewe. Hoteli za Italia zinalazimika kisheria kuwaandikisha wageni wote, na picha ya kwenye simu mara nyingi haikubaliwi.
- Kivuli cha ratiba ya basi kwenye simu, kilichohifadhiwa, maana mtandao hukatika bondeni.

Hatua ya 1: Chagua siku kabla hujachagua hoteli

Hapa ndipo watu wengi hukosea, na mimi nilikuwa wa kwanza wao. Safari yangu ya mwanzo nilikwenda Jumamosi, kwa kuwa ndiyo siku niliyokuwa sina kazi. Nilifika kwenye kichochoro cha geto nikakuta mlango umefungwa, nikausoma ubao, nikajipiga kipaji. Sabato! Unakwenda kutazama sinagogi, unachagua Sabato.

Kwa hiyo:

Jumamosi sinagogi na makumbusho yake yamefungwa, mwaka mzima. Ijumaa nenda asubuhi, kwa sababu Sabato huingia jua likizama, na wakati wa baridi jua huzama mapema. Jumapili ni wazi, ila mabasi huwa machache sana, kwa hiyo Jumapili ni ya mwenye gari. Jumatatu makumbusho mengi ya miji midogo ya Italia hupumzika. Zinabaki Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Ukiweza, fika Jumanne mchana, lala usiku mmoja, ondoka Jumatano jioni.

Angalia pia sikukuu za Kiyahudi: Pesaka, yaani Pasaka yao, mwezi Machi au Aprili, kisha Mwaka Mpya wao, Yom Kippur na sikukuu ya Vibanda kati ya Septemba na Oktoba. Hizi hufuata mwandamo wa mwezi kwa hesabu yao, hivyo tarehe husogea kila mwaka. Msimu mzuri wa kutembea ni Aprili hadi Juni, na Septemba hadi Oktoba. Agosti ni joto na msongamano, hasa kuzunguka tarehe 15, sikukuu ambayo nusu ya Italia huwa likizoni.

Kuna tarehe moja ya kufungia safari ukiipata: usiku wa 19 Machi, siku ya Mtakatifu Yosefu. Wanaume wa mji hupanda na mienge kupitia njia ya kale ya San Giuseppe mpaka uwanjani, wakawasha moto mkubwa kuuaga msimu wa baridi. Weka chumba mapema.

Hatua ya 2: Viza, kwa anayetoka nyumbani

Unayeishi Ulaya kwa kibali halali ruka hatua hii. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen. Unaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na zisibaki chini ya siku 15. Ada ya mtu mzima imekuwa euro 90 tangu Juni 2024. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na ibaki hai miezi mitatu baada ya siku yako ya kutoka.

Kosa la kawaida: mtu anaandika kwenye fomu kwamba atakuwa Roma siku zote, halafu anaambatisha hoteli ya Pitigliano. Karatasi zikigombana, ombi linaweza kukwama. Andika usiku wa Pitigliano kwenye ratiba yako kama ulivyo.

Hatua ya 3: Fika

*Kwa treni na basi.* Pitigliano haina reli. Kutoka Roma panda treni inayofuata pwani kwenda kaskazini, ushuke Orbetello-Monte Argentario, au uendelee hadi Grosseto. Kutoka hapo ni basi la mkoa, kati ya saa moja na nusu na mbili, likipanda taratibu kuelekea bara. Tiketi ya basi nunua kabla ya kupanda, kwenye baa au duka la sigara lenye alama ya T. Tiketi ya karatasi ya treni za mkoa igonge kwenye mashine ya stesheni kabla hujapanda. Usipoigonga unatozwa faini hata kama umeilipia.

Ratiba ya basi ina maneno matatu ya kuyajua kwa moyo. *Feriale* ni siku za kazi, Jumatatu mpaka Jumamosi. *Festivo* ni Jumapili na sikukuu. *Scolastico* ni basi linalotembea siku za shule tu, na hili ndilo huwaumiza wageni: unaliona kwenye karatasi, unalisubiri mwezi wa Julai, halitokei.

Halafu mambo ya saa. Ratiba zote ni za saa 24, na sisi tunahesabu kutoka alfajiri. 16:00 si saa kumi na sita yoyote, ni saa kumi jioni. Ninamjua mtu mzima, msomi wa kutosha, aliyeona 07:10 akajiambia "saa saba na dakika kumi" akafika stesheni mchana. Andika pembeni kwa saa za kwetu.

*Kwa gari.* Kutoka Roma ni kama saa mbili na nusu. Leseni ya nje ya Umoja wa Ulaya iambatane na kibali cha kimataifa cha udereva, kinachotolewa nyumbani, si Italia. Ukitoka Kenya, Tanzania au Uganda kumbuka kwamba huku ni kulia, na kosa hutokea unapotoka sheli au maegesho ya kimya, si kwenye barabara kuu ambako magari mengine yanakuongoza.

Onyo: mji wa kale una eneo la ZTL, yaani sehemu ambayo magari yasiyo ya wenyeji hayaruhusiwi. Usifuate simu inapokuambia ingia. Egesha nje ya lango. Mistari ya bluu ni ya kulipia, nyeupe ni bure, ya njano ina wenyewe.

Hatua ya 4: Utazame mji kutoka nje kwanza

Kama una gari, simama kwenye kanisa la Madonna delle Grazie, kwenye barabara inayotoka mji jirani wa Manciano. Kama uko kwenye basi, kaa upande wa dirisha na usilale, maana kona hiyo hutokea ghafla. Hapo ndipo utaelewa. Nyumba zimeota juu ya ukingo wa jabali, huoni vizuri mwamba unaishia wapi na ukuta unaanzia wapi, na chini yake matundu, moja juu ya jingine. Yale matundu ni maghala, mazizi na makaburi ya kale yaliyopewa kazi mpya. Wengi hupiga picha hapa wakageuza gari. Wamepata kasha, zawadi wameiacha ndani.

Nenda jioni, jua likiwa linashuka na tufo ikigeuka rangi ya asali, au usiku taa zikiwashwa.

Hatua ya 5: Ingia, upite mpaka mwisho

Ukiingia langoni utaona mfereji wa maji juu ya matao makubwa, ulioanzwa na Orsini karne ya 16 ukamalizwa enzi za Medici, na jumba la Orsini lenyewe. Lisikushike sana siku ya kwanza. Mji ni mwembamba kama jahazi. Barabara chache zinakimbia kwa urefu na vichochoro vinazikata, vingi vikiishia hewani juu ya bonde. Tembea moja kwa moja mpaka Capisotto, mtaa wa zamani kuliko yote upande wa magharibi, kwenye lango la Porta di Sovana. Hapo tazama chini ya ukuta: yale mawe makubwa yaliyopangwa bila saruji ni mabaki ya boma la Waetruski. Ndiyo magofu ya kwanza utakayoyaona, na watu huyapita wakidhani ni msingi wa nyumba ya mtu.

Hatua ya 6: Geto

Rudi kwa barabara ya Via Zuccarelli, utafute kichochoro cha Vicolo Marghera. Kuna vibao. Fika mara tu wanapofungua asubuhi, kwa kawaida saa nne, kwa sababu mchana huwa na mapumziko ya kula, na saa za majira ya baridi ni fupi kuliko za kiangazi. Tenga saa moja na nusu. Watu huniambia "mbona ni chumba kimoja tu," nikiuliza nagundua walitazama sinagogi wakatoka, hawakushuka.

Fuata mpangilio huu.

Anza na sinagogi. Tazama juu, pana ubaraza wenye kimia cha mbao, mahali pa wanawake. Mbele ni kabati la Torati. Jengo hili liliporomoka kwa sehemu kubwa katika miaka ya 1960, likasimamishwa tena na halmashauri ya mji na kufunguliwa 1995, kwa hiyo si kila unachokiona ni cha kale. Sema polepole, na uliza kabla ya kupiga picha.

Kisha shuka. Ngazi zinakupeleka ndani ya tufo, na hewa inabadilika, inakuwa baridi na yenye unyevu. Utapita bwawa la kujitoharisha, machinjio ya kosha, yaani kwa masharti ya dini yao, ghala la divai na mahali pa kutia nguo rangi. Kwa msomaji aliyekulia pwani hakuna la ajabu sana hapa: udhu na kujitoharisha mwili kabla ya ibada, mnyama kuchinjwa kwa masharti na kutolewa damu. Hii ndiyo sehemu ambayo wageni wangu wa Zanzibar huielewa haraka kuliko Wazungu ninaowapeleka.

Usikose tanuri la mikate isiyotiwa chachu. Lilikuwa likiwashwa mara moja kwa mwaka, kabla ya Pesaka, na jamii nzima ikioka pamoja. Mara ya mwisho ilikuwa 1939. Mwaka uliotangulia Italia ilikuwa imetangaza sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi.

Maelezo ukutani yana hadithi mbili ambazo nakushauri uzisome taratibu. Ya kwanza ni ya 1799, wakati makundi yaliyopigana na Wafaransa yalipoingia mjini yakitaka kulipora geto, na Wakristo wa Pitigliano wakawageukia wavamizi na kuwatetea majirani zao. Ya pili ni ya 1943 na 1944. Wayahudi wa mkoa wa Grosseto walifungiwa kambini Roccatederighi, katika jengo la seminari, na baadhi wakapelekwa hadi Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Wengine wa Pitigliano walifichwa na wakulima, mashambani na mapangoni, na familia kadhaa za wakulima hao zilikuja kutambuliwa na Yad Vashem, taasisi ya Israeli inayowakumbuka Wayahudi waliouawa na Wanazi na waliowaokoa. Mmoja wa watoto waliofichwa, Elena Servi, ndiye aliyeanzisha mwaka 1996 chama cha La Piccola Gerusalemme kinachotunza kumbukumbu hii.

Hapa ndipo tufo inapofunga duara: mapango ya kale yaliwahifadhi walio hai.

Hatua ya 7: Kula, na kujua unachokula

Nje ya geto utaona kinachoitwa *sfratto*, kitafunio chenye umbo la rungu, ganda jembamba na ndani asali, jozi na maganda ya chungwa. Neno lenyewe maana yake ni kufukuzwa kwenye nyumba. Inasimuliwa kwamba askari walibisha milango ya Wayahudi kwa rungu kuwaamuru wahamie geto, nao baadaye wakalioka rungu hilo kwa asali. Kwa Mwislamu: unga wa asili hukandwa kwa divai nyeupe. Uliza, *c'è vino?*, kabla hujauma.

Maremma, yaani eneo hili la kusini mwa Toscana, ni nchi ya nguruwe mwitu, *cinghiale*, na hujificha kwenye mchuzi wa tambi. Neno la kushika ni *senza maiale*, bila nguruwe. Uliza pia kuhusu *strutto*, ambayo ni shahamu ya nguruwe na huingia kwenye mikate. Chakula ambacho mara nyingi kinakuwa salama ni *acquacotta*, supu ya mboga iliyomiminwa juu ya mkate mkavu, yenye yai. Hakikisha tu supu haikuchemshwa na nyama. Kosha si halali moja kwa moja kwa kila mtu, na divai ya kosha ya hapa, ijapokuwa mashuhuri, ni divai tu.

Jikoni hufungwa mchana kati, kuanzia kama saa nane na nusu au saa tisa mpaka saa moja jioni. Ukipitwa, nunua mkate na jibini.

Hatua ya 8: Njia za mwambani

Sasa ndiyo magofu yenyewe. *Vie cave* ni njia ambazo Waetruski walizichimba ndani ya tufo, nyembamba, kuta zake zikipanda zaidi ya mita 10 na pengine kufikia 20 kila upande. Unatembea chini, anga limebaki utepe. Wanazuoni bado wanabishana zilikuwa za kazi gani: usafiri, kupitisha maji, au maandamano ya maziko. Mimi nikiwa ndani siwezi kuona barabara ya sokoni. Zinaelekea makaburini, na mwili wenyewe unakwambia.

1. Toka kwa Porta di Sovana, ushuke bondeni kwa miguu asubuhi, kabla jua halijakaa utosini.
2. Vuka kijito, ufuate vibao vya Via Cava di San Giuseppe. Ndiyo rahisi kwa anayeanza. Ya Fratenuti iko jirani.
3. Tembea katikati, macho mara chini mara ukutani. Utaona alama za sururu, na misalaba na vibweta vya picha takatifu. Wakristo wa baadaye waliviweka kufukuza pepo, maana walipaogopa mahali pa Waetruski.
4. Ukifika juu geuka urudi kwa njia hiyo hiyo. Kuunganisha mpaka kijiji cha Sovana kunawezekana, lakini hesabu saa mbili hadi tatu na usiende peke yako mara ya kwanza.

Maonyo. Usiingie wakati wa mvua wala siku inayofuata mvua kubwa. Tufo hunywa maji, hulegea, na vipande huanguka. Ukikuta utepe au kibao cha *chiuso*, geuka, hata kama wengine wanaruka. Ukungu wa kijani chini huteleza kama sabuni. Usichonge jina lako. Na usiingie kila tundu unaloliona, mengine ni ghala la mtu na kufuli limevunjika tu.

Hatua ya 9: Makumbusho ya wazi, kisha Sovana

Nje kidogo ya mji pana makumbusho ya akiolojia yasiyo na paa, yaliyopewa jina la Alberto Manzi. Huyu alikuwa mwalimu aliyewafundisha Waitaliano watu wazima kusoma na kuandika kupitia televisheni katika miaka ya 1960, akaja kuwa meya wa Pitigliano mpaka alipofariki 1997. Wa umri wangu, waliowaona bibi zao wakienda kwenye kisomo jioni na kibatari, huwa wanasimama kwenye jina hilo. Makumbusho yamegawika pande mbili: mji wa walio hai, wenye nyumba za kale zilizoundwa upya, na mji wa wafu, wenye makaburi halisi, njia ya mwambani inaunganisha. Ukiwa na watoto anza hapa, si bondeni.

Sovana iko kilomita 8. Huko kaburi la Ildebranda, la karne ya 3 kabla ya Kristo, limechongwa kwa sura ya hekalu zima kutoka kwenye jabali moja. Jina lake halina uhusiano na aliyezikwa. Limechukuliwa kwa Ildebrando, mzaliwa wa Sovana aliyekuwa Papa Gregorio VII mwaka 1073. Karibu yake liko kaburi la Mashetani Wenye Mabawa, lililogunduliwa 2004. Bustani hii ya makaburi ya kale ina kiingilio na saa zake hubadilika kwa msimu. Wakati wa baridi piga simu kwanza.

Hatua ya 10: Makaburi ya Wayahudi

Yako nje ya mji, kwenye mteremko wa misonobari mirefu ng'ambo ya bonde. Yalianza karne ya 16, pale Niccolò Orsini alipompa daktari wake David de Pomis kipande cha ardhi amzike mkewe. Usiende ukasukuma geti. Uliza kwenye dirisha la tiketi la sinagogi, wao ndio watakaokuelekeza. Wanaume kofia kichwani. Ukitaka kuweka kitu kaburini, weka kijiwe, si maua. Ndiyo desturi yao.

Mambo yakikwama

*Nimefika, sinagogi limefungwa.* Angalia saa: huenda ni mapumziko ya mchana, subiri. Kama ni Jumamosi au sikukuu, geuza mpango, fanya hatua ya 8 na 9 leo, lala, rudi kesho asubuhi.

*Basi halikuja.* Soma ratiba tena, utafute neno *scolastico*. Uliza baa iliyo karibu na kituo kama kuna *sciopero*, mgomo. Migomo hutangazwa kabla, na mara nyingi huwekwa Ijumaa.

*Mvua imenikuta ndani ya njia ya mwambani.* Usijibanze chini ya ukuta. Toka kwa upande ulio karibu, uende mahali pa wazi.

*Siwezi kushuka ngazi.* Sinagogi lenyewe ni rahisi kuliko vyumba vya chini. Mwambie mhudumu mapema. Kwa magofu, mtazamo wa Madonna delle Grazie na boma la Capisotto havina mteremko wa kutisha.

*Simu haina mtandao na nimepotea bondeni.* Mji uko juu daima. Panda kuelekea mnara wa kanisa. Ukiumia, 112 ndiyo namba ya dharura.

*Basi la mwisho limeondoka.* Usianze kutembea gizani kwenda Manciano, barabara haina pembezoni. Rudi mjini, uliza vyumba vya *affittacamere*, ambavyo huwa nafuu kuliko hoteli. Ulipe kodi ndogo ya wageni kama itadaiwa, na usogeze kiti dirishani: giza likishaingia taa za jabali huwa zimewaka, na waliokuja kwa siku moja wameshaondoka.